Kupiga picha ya inchi yetu si kosa

Ndugu vijana wa Bukavu, wa Goma, wa Uvira, wa Kalemie, wa Lubumbashi, na ninyi wote munaosoma maneno haya,

Leo, tarehe 19 Agosti 2023, ni siku ya picha duniani. Kwingine vijana wameamka, wamebeba kamera, wamekwenda kutembea. Sisi tunaamka na swali moja: nani aliuza hii inchi, mpaka mwenyeji aombe ruhusa ya kuiangalia?

Tueleze kwanza yaliyotupata. Kati yetu kuna kikundi kinachotembea kila Jumapili ya pili. Hakuna mradi, hakuna mfadhili, hakuna per diem. Ni mchezo wetu tu, kama vile wengine wanaenda kuangalia mupira. Tunachagua njia, tunatembea kwa miguu, kila mtu anapiga picha ya kitu anachokipenda. Magaribi tunaziweka kwenye ramani za intaneti, kila picha mahali pake, na jina la mahali jinsi wenyeji wanavyoliita. Tulishapiga picha za pirogi za wavuvi wa sambaza zikirudi asubuhi, zile zinazofungwa tatu-tatu. Tulishapanda Bagira kuangalia ziwa kutoka juu. Tulishafika mpaka Tshivanga, kwenye mulango wa pori la Kahuzi-Biega, na kwenye mizunguko ya Ngomo, njia ya Uvira, ambako kila dreva anaomba Mungu.

Jumapili iliyopita tulikuwa wanne. Tulipiga picha za ziwa, za mama wanaouza mihogo, kisha za mutaro uliojaa chupa za plastiki mpaka maji yanapita katikati ya barabara. Hapo mutu mumoja asiyevaa uniforme akatokea.

«Weye! Unapigaka picha ya nini hapa? Nani alikupa ruhusa?»

Tukamwambia: mukubwa, ni mutaro.

«Leta simu. Mutajieleza mbele.»

Tulijieleza mbele kuanzia saa nane ya mchana mpaka saa mbili ya usiku. Hatukuambiwa kosa. Simu zilifunguliwa, picha zikafutwa moja kwa moja, si za mutaro peke yake. Dada mumoja wetu alikuwa na picha tano za mama yake, aliyezikwa mwezi wa tatu. Hakuwa na nyingine. Alilia, aliomba, aliwaonyesha kwamba ni mama yake. Walifuta. Kisha wakatuuliza «kitu ya sukari», dola kumi kwa kila simu. Tulikataa kulipa. Tulitoka, lakini simu moja ilibaki kule, na mpaka leo haijarudi.

Wengi wenu munacheka kidogo, kwa sababu munaijua hii hadithi. Ilishawapata daraja fulani, marché fulani, bandarini, mbele ya ukuta usiokuwa na alama yoyote. Kila mara ni maneno yaleyale: ni marufuku. Na kila mara ukiuliza sheria gani, unapata kofi ao unapata bei.

Basi tufungue Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ile ambayo hao wakubwa waliapa kuilinda. Kifungu cha 23 kinampa kila mutu uhuru wa kutoa mawazo yake, kwa maneno, kwa maandishi na kwa picha. Kifungu cha 24 kinatupa haki ya kupata habari. Kifungu cha 30 kinasema kila mutu aliye kwenye inchi hii ana haki ya kutembea humo kwa uhuru. Kifungu cha 31 kinalinda maisha ya siri ya mutu pamoja na mawasiliano yake, maana yake simu yako si mufuko wa kila askari. Na kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aambiwe palepale sababu, aruhusiwe kuwasiliana na familia ao mutetezi wake, na asifungwe kwa polisi kupita masaa 48. Tunajua kwamba uhuru una mipaka ya sheria. Tunachoomba ni hiyo sheria ionyeshwe: ina namba gani, ilitoka lini, inakataza mahali gani? Lakini hao wanaotukamata wanajua artikle moja tu, ile ya 15 ya barabarani: ujisaidie mwenyewe. Nao wanajisaidia kwa simu zetu.

Tusifikiri uoga huu ni wa leo. Mwaka 1904, kule Baringa, mutu mumoja jina lake Nsala alifika kwa wamisionari akibeba mukono na muguu wa binti yake mudogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya kaucho. Alice Seeley Harris, mwanamuke wa misioni, alimupiga picha akiwa ameketi anaviangalia. Léopold wa Pili alikuwa na pesa za kununua magazeti na wasemaji. Picha ile hakuweza kuinunua. Ilionyeshwa kwa watu katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani, na pamoja na ushuhuda wa wengine ikamfunga mukono: mwaka 1908 alilazimika kuachilia Congo aliyoifanya shamba lake. Tangu siku zile, mutawala mubaya wa inchi hii anajua kamera ni nini. Anayefanya mazuri haogopi kupigwa picha. Mutaro uliosafishwa, nani angefuta picha yake?

Kuna wanaotuambia: «Ninyi vijana, inchi inawaka, watu wanakimbia vita, ninyi munashugulika na mapicha?» Tunawajibu bila hasira.

Mupige simu leo kutoka kwenye kilima cha Cimpunda, museme kuna mwanamuke anazaa na hali ni mbaya. Mutaelekeza namna gani? «Kata kwenye muembe, shuka, uliza kwa mama Furaha.» Usiku, mvua inanyesha, muembe hauonekani na mama Furaha amelala. Mji wa watu wengi namna hii, na avenue nyingi kwenye ramani ni mistari bila jina, ao hata mustari haupo. Lakini hoteli za pembeni ya ziwa zote ziko, na nyota zao, na picha za samaki kwenye sahani.

Wakati wa Ebola kule Beni na Butembo, kuanzia mwaka 2018, watu wa kujitolea kutoka pembe nyingi za dunia walichora nyumba na njia kwenye OpenStreetMap wakitumia picha za satelaiti, ili waganga wajue pa kupita. Tunawashukuru. Lakini satelaiti inaona bati, haioni jina. Haijui kama ile nyumba kubwa ni shule ao depo ya pombe, haijui kama daraja lilibebwa na maji wiki iliyopita. Anayejua ni kijana anayepita pale na simu yake.

Na Kalehe, tuliisahau tayari? Tarehe 4 Mei mwaka huu, miezi tatu na nusu tu, maji na mawe vilishuka Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, wengine hawakuonekana tena. Kati yetu kuna waliokuwa wamepiga picha pale kando ya njia, wakiwa safarini tu, kwa sababu ziwa lilikuwa zuri na watu walikuwa wengi. Zilikuwa picha za mchezo. Leo tunaziangalia na tunaona nyumba zilizosimama wapi, na kilima juu yake kilikuwa kimebaki na miti mingapi. Baba mumoja alituomba moja wapo kwa sababu nyumba yake inaonekana pembeni, na hana kitu kingine cha kumwonyesha mutu kwamba aliishi pale. Musituambie tena kwamba picha ni mchezo wa watoto wa watajiri.

Tena, kama hatujipigi picha sisi wenyewe, wengine watatupiga. Tafuteni Kivu kwenye intaneti muone: volkano, gorila, mutu na bunduki, mutoto anayelia na kamasi puani. Gorila ni wetu na tunawapenda. Nyiragongo ni yetu, hata ilipotutoa manyumbani Mei 2021. Lakini kati ya gorila na bunduki hakuna watu? Hakuna shule asubuhi, hakuna kwaya, hakuna fundi cherehani, hakuna mwanafunzi anayesoma na tochi ya simu? Mji huu uliitwa Costermansville wakati ramani ilichorwa na wengine. Anayechora ramani ndiye anayetoa majina. Tulichukua jina letu. Sasa tuchukue na picha yetu.

Wakubwa wana neno moja walilobakiza: usalama. Neno hili tunaliheshimu, kwa sababu wanaokufa ni ndugu zetu. Lakini tuseme ukweli. Satelaiti zinapita juu ya vichwa vyetu kila siku. Mutu aliyeketi Paris anaweza kuhesabu mabati ya Kadutu. Adui mwenye pesa hangoji picha ya mutaro kutoka kwa kijana asiye na mega za kutosha. Pale penye hatari ya kweli, sisi wenyewe tulijiwekea sheria, na tunawaomba muzifuate:

Hatupigi picha ya askari wetu, wala ya posti zao, wala ya msafara wao. Hatuweki kwenye ramani mahali wanapolala waliokimbia vita, wala nyumba ya mwanamuke aliyebakwa, wala uso wa mutoto. Tunaomba ruhusa kwa mutu kabla ya kumupiga. Akisema hapana, ni hapana, hata kama mwangaza ulikuwa muzuri. Hatuweki picha palepale. Tunangoja tufike nyumbani. Picha ya mutu kwenye shida, tunaondoa kwanza alama ya mahali ambayo simu inaiandika ndani yake. Na kila mara tunabakiza kopi. Waliokuwa wakiweka picha zao Panoramio wanakumbuka: Google iliinunua mwaka 2007, na mwaka 2016 ikaifunga. Ramani ya mutu mwingine ni nyumba ya kupanga. Weka vitu vyako, lakini usisahau kwamba mwenye nyumba anaweza kukutoa.

Sasa tujikosoe na sisi, maana si Leta peke yake yenye makosa. Vijana wangapi kati yetu wana picha mia moja kwenye bwawa la hoteli, na hata moja ya avenue walipozaliwa? Tunasafiri mpaka Idjwi, tunarudi na sura zetu tu, kama vile kisiwa hakikuwepo. Wengine wanapiga picha ya muzee masikini bila kumusalimia, wanatafuta «like». Huyo anafanya ileile tunayowalaumu wageni. Kupenda inchi kunaanza na kuiangalia, tena kuiangalia kwa heshima.

Kwa hiyo tunaomba, na tutaendelea kuomba mpaka tusikiwe:

1. Simu ya ndugu yetu irudi, bila «sukari», na wakubwa wa waliotukamata watueleze kwa maandishi kosa letu lilikuwa gani.

2. Mamlaka ya jimbo watangaze wazi mahali gani panakatazwa kupiga picha na kwa sheria gani, na waweke alama pale. Pasipo alama, raia aachwe.

3. Hakuna askari kufungua simu ya raia barabarani.

4. Meya na machefu wa karitie waandike majina ya avenue zote na kuyaweka mbele ya watu. Vijana wa kuyaingiza kwenye ramani bila kulipwa wako tayari, na sisi ni wa kwanza.

5. Na ule mutaro usafishwe. Tuliufuata kwa ajili ya uzuri wa mji, tukaukuta vile. Picha mulizifuta, mutaro haukufutika.

Jumapili ijayo tutatembea tena. Tutakutana Place de l'Indépendance saa mbili ya asubuhi, kila mutu na simu yake, na Katiba mufukoni. Tutapita mutaroni. Asiyeweza kufika, apige picha ya avenue yake, aulize wazee jina lake la kweli, aliweke kwenye ramani. Na yule dada wetu atakuja pia. Picha za mama yake hazitarudi, lakini amesema atapiga picha ya nyumba alimolelewa, ya mulango ambako mama alikuwa akiketi magaribi, na ataandika jina la mama pale.

Hiyo nayo waje wafute, kama wana nguvu.

Inchi ni yetu. Macho ni yetu. Hatuombi ruhusa ya kuona.

Imetolewa Bukavu, tarehe 19 Agosti 2023.