Mti mzuri wa makala hautoi sukari upesi

Mama anayepika lutuku Kalemie anajua jambo ambalo wanaoota mafuta ya gari kutoka unga wa mbao wanalisahau. Anachanganya unga wa muhogo na mahindi yaliyoota. Mahindi hayo yanavunja wanga kuwa sukari, sukari inachacha, pombe inapatikana. Akitia unga wa mbao ndani ya pipa hilo hatapata kitu, ingawa karibu nusu ya mti mkavu ni selulosi, yaani sukari iliyoshikamana.

Kinachoizuia ni lignini, ile gundi inayoupa mti nguvu ya kusimama. Kuilegeza kunadai joto kali au asidi, kisha vimeng'enya vya kununua. Na miti haifanani: mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipima miti ya poplar na kuonyesha kwamba hata ndani ya jamii moja ya mti, kiasi cha lignini kinabadilisha sukari inayotoka.

Lignini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mti kutoa makala mengi. Basi miti mizito ya miombo, ambayo wachoma makala wanaipenda, si ya kukimbilia kwa alkoli. Atakayeleta mradi kama huo katika jimbo la Tanganyika aulizwe kwanza: mti gani, una lignini kiasi gani, na joto la kuufungua litatoka wapi? Likitoka kwa kuni, pori litakatwa mara mbili. Maganda ya muhogo yana wanga tayari. Aanze na hayo.