Tulivyolala Ilula

Jamani wasomaji, tumetoka Iringa tukibishana: mimi nasikia harufu ya kuungua, mwenzangu anadai ni lori la mbele. Ilula tukasimama. Rimu ya nyuma kushoto, moto kama jiko! Akakimbilia maji, nikamzuia, maana diski ya moto ukiimwagia maji inaweza kupinda au kupasuka.

Fundi akapiga jeki, tairi halizunguki. Akalegeza waya wa hendibreki, bado. Akafungua nati ya kutolea upepo, bado. Basi siyo mpira uliozuia mafuta, ni kalipa yenyewe: pistoni imeshika kutu.

Mwenzangu eti tuteremke Kitonga hivyo hivyo! Mafuta ya breki yakichemka, pedali inazama hadi chini. Tukaagiza kalipa mjini, na pedi za pande zote mbili. Usiku ule hatukusemeshana.