Babu Aliuliza Kimo
Nilipotaka kuongeza chumba kwenye nyumba ya babu kule Ushetu, ya matofali mabichi, aliniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, kitaizidi hii kimo?" Nikapunguza kozi tatu.

Mambo Msiige hakuna aliyeuliza hivyo? Jumba hilo la karne ya 19 liko Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, urithi wa dunia tangu 2000. Ubavuni likaongezewa jengo jipya la hoteli. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia ukubwa wake. 2015 hoteli ikafunguliwa. Sipingi bomba wala kiyoyozi, hata mimi nimeweka bati. Napinga kuita "uhifadhi" nyongeza inayomgeuza mwenyeji kuwa baraza ya mgeni. Kesho mwingine ataiga, ilhali jina lenyewe linakataza.