Shimo la barabarani na haki ya mwenye gari

KILA masika yanapokwisha, gereji zetu hujaa. Rimu zimepinda, shokapu zimevuja, boljointi zimekatika, na baba wa familia ameshika karatasi ya fundi akiitazama ada ya shule ya watoto inavyogeuka vipuri. Wengi husema ni kadari ya Mwenyezi Mungu, wakalipa, wakanyamaza. Kadari hatuikanushi, hasha! Lakini kadari haijapata kumwondolea mtu jukumu alilolikubali na kulipokelea fedha.

Na fedha tumezitoa. Ada ya mwaka ya leseni za magari ilipofutwa mwaka 2017, mzigo wake ulihamishiwa kwenye mafuta. Mwaka 2021 ikaongezwa Sh 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Hata mama asagaye mahindi kwa mashine ya dizeli amechangia barabara, naye baiskeli hana. Hiyo ni amana, na mwenye kushika amana huulizwa.

Mafakihi wetu waliizungumza mapema dhamana ya njia. Mwenye kuchimba kisima katika njia ya watu pasipo idhini, mnyama wa mtu akatumbukia, hulipa. Wakatofautisha baina ya aharibuye kwa mkono wake na asababishaye tu. Huyu wa pili hadaiwi mpaka ithibiti kuwa alivuka mpaka. Kanuni hiyo iliingizwa pia katika Majalla ya dola ya Kiothmani iliyokamilika mwaka 1876. Ugumu ni kwamba shimo la leo halikuchimbwa na mtu. Limechimbwa na mvua, na malori yaliyozidisha uzito. Je, kuacha ni sawa na kutenda? Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (R.A.), akiwa Madina, alihofu kuulizwa hata juu ya mnyama atakayejikwaa katika njia za Iraq kwa kuwa hazikutengenezwa. Hiyo ni hofu ya mtawala mbele ya Mola wake. Mbele ya hakimu panahitajika ushahidi.

Mahakama huuliza habari ya uzembe: nani alikuwa na wajibu wa kuitunza barabara hii, alijua au alipaswa kujua kuwa pana shimo, na hasara imetokana na shimo au na mwendo wa dereva? Mzigo wa kuthibitisha ni wa mdai, jambo ambalo fikihi na sheria ya nchi zimekubaliana.

Basi aliyepatwa na ajue kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa zimo mikononi mwa TANROADS. Za wilaya, mijini na vijijini, ni za TARURA tangu mwaka 2017. Apige picha palepale kabla ya kulivuta gari, aweke kitu kandoni kionyeshe kina cha shimo, achukue RB polisi, majina ya mashahidi na stakabadhi halali za fundi. Kisha notisi. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, yadai notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Kwa marekebisho ya mwaka 2020 masharti hayo yamezifikia wakala na halmashauri pia, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika shauri. Madai ya namna hii hufungwa baada ya miaka 3.

Na kesi yenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Hapa ndipo tunapouliza: ni nani atakayekwenda Mahakama Kuu kwa shokapu mbili na rimu moja? Ujira wa wakili utaimeza fidia kabla haijatoka. Na hata akishinda, mali ya Serikali haikamatwi na dalali wa mahakama, atangoja malipo. Haki ya namna hii imeandikwa, ila mlango wake ni mwembamba mno kwa mwenye Noah moja inayolisha nyumba nzima.

Uingereza, chini ya sheria yao ya barabara kuu ya mwaka 1980, mwenye gari huanza kwa kujaza fomu tu kwa mamlaka ya barabara. Si kwamba wote hulipwa. Mamlaka ikithibitisha kuwa ilikagua barabara kwa utaratibu wa kuridhisha, huepuka. Lakini angalau mtu husikilizwa bila wakili. Twaziomba TANROADS na TARURA ziweke dawati la madai madogo, lenye kiwango cha juu kinachojulikana na muda maalumu wa kujibu. Halitavunja hazina.

Nasi wadai tuwe wakweli. Fundi atakayekuandikia boljointi mpya ilhali ya zamani ililegea tangu mwaka juzi, anakulisha batili, na risiti moja ya uongo huwaharibia kumi wenye haki. Aliyekuwa akienda mbio kwenye matuta naye abebe fungu lake.

Na kwa kuwa kesi nyingi zitasimamia swali la kujua au kutojua, anayeliona shimo mtaani kwake leo aandike barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya, na nakala atakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.