Binti Asitengewe Sahani

Binti akikosa siku zake miezi kadhaa na akaota ndevu, twasema ana shetani. Huenda ni maradhi ya ovari zenye vifuko vingi, waliyoyaeleza Stein na Leventhal wa Chicago mwaka 1935. Mara nyingi mwili hauitiki insulini sawasawa.

Hapa Uingereza wako matabibu wasemao watibu shina: chakula, mazoezi, usingizi. Ni kweli, kwa aliyenenepa, kupunguza hata kilo 5 katika kila 100 huweza kumrejeshea siku zake. Lakini vipimo vyao vya ghali na makopo ya vidonge visimtenge na daktari wa mtaa, asiyetoza kitu.

Nasi akina mama tupunguze sukari na wali kwa nyumba nzima. Kumnyima binti huku wengine wakishiba ni adhabu, si dawa.