Bando Langu Si Shamba la Bibi

Shemeji yangu alirudi kutoka Dubai na mzigo wake wa biashara na zawadi moja kwa ajili yetu: deki ya Blu-ray, nyeusi, nyembamba kama sinia. Watoto wakamzunguka. Hata nailoni hajaichana, akatoa hukumu: "Shem, hapa mbele pa kuwekea sidii pasahau kabisa. Sidii zilishakufa. Unaunga na simu, unaingia Netflix, umemaliza."

Sina ugomvi na shemeji. Ugomvi wangu ni na hiyo "zilishakufa". Nimeisikia kwa fundi TV. Nimeisikia kwenye kikao cha harusi, tulikokwenda kujadili michango tukaishia kuonyeshana simu. Nimeisikia kwa kijana wa dukani anayewauzia TV za inchi 55 watu ambao LUKU zao zinasoma uniti 3. Na kila anayeisema huisema akichekacheka, kama anayetangaza msiba wa jirani aliyekuwa akimdai.

Basi tukaunga. Nyumba yangu inaishi kwa GB 20 kwa mwezi, na humo mna WhatsApp ya mama watoto, kazi za shule na barua pepe zangu. Ijumaa tukaangalia filamu mbili, Jumamosi moja, kila moja ya saa mbili. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Piga hesabu, hizo ni GB 18. Zilizobaki alizimaliza nani? Deki yenyewe. Kumbe usiku, sisi tumelala, ilikuwa ikijisasisha kimya kimya kama mgeni anayeamka kwenda kufunua masufuria. Jumapili asubuhi tunajiandaa kwenda kanisani, simu ikalia: "Ndugu mteja..." Ndugu! Ndugu gani huyo anayeniacha mikono mitupu tarehe 4?

Hapo ndipo nilipoiangalia tena ile sehemu ya mbele niliyoambiwa niisahau.

Wanaozika sidii hawapendi kulisikia jambo moja: ukiangalia filamu kwa mtandao, unailipia upya kila unapoiangalia. Ada ya mwezi ni ada tu, nazungumzia bando. Umeiangalia leo, umelipa. Mtoto amelala katikati, kesho anataka tuanze mwanzo, unalipa. Mgeni kaja, "iweke tena ile", unalipa. Ni sawa na kununua sufuria halafu kila ukiinjika ugali mwenye duka anabisha hodi kudai chake.

Na watoto, jamani, hawaangalii filamu mara moja. Ndani ya boksi la deki kulikuwa na sidii moja, nyongeza aliyopewa shemeji na muuzaji: The Lion King, ile ya katuni ya mwaka 1994. Inachukua dakika 88. Kwa mtandao, hizo ni GB 4 na ushee. Binti yangu wa miaka mitano anajua kila anapoingia Pumbaa, na anaitaka kila jioni akitoka kuoga. Tufanye ameiangalia mara 40, na hapo nampunguzia. Ni GB 176. Kwa bando langu hiyo ni karibu miezi 9, mimba nzima, bila mtu mwingine nyumbani kufungua hata WhatsApp. Sidii imekula ngapi? Sifuri. Imekula umeme kidogo wa LUKU na mafuta ya nazi ya vidole vya mtoto, ambayo nayapangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje.

Halafu tuambiwe ni ushamba. Hao Netflix mnaotutishia nao walianza kwa kutuma DVD kwa posta huko Marekani mwaka 1998, na hawakuacha mpaka tarehe 29 Septemba 2023. Miaka 25! Wamesafirisha sidii zaidi ya bilioni 5 ndani ya bahasha. Huku kwetu waliingia Januari 2016 na mtandao tu, bila bahasha, na mjini tukaanza kutupa sidii jalalani. Waliouzika mwili walikuwa bado wanaulisha.

Walijua walichokuwa wakifanya. Sidii ya Blu-ray ya tabaka mbili inabeba GB 50. Ukitaka kushusha mzigo huo kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, kasi ambayo Netflix hushauri kwa Full HD na ambayo huku Tabata tunaipata alfajiri watu wamelala, utangoja saa 22. Bodaboda kutoka Kariakoo ataniletea ndani ya dakika 40, na kusimama kwenye foleni akimtukana mwenye daladala kumo humo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, nchi ikawa inaangalia kile kiduara kinachozunguka. Bodaboda hawakuwa na habari.

Nilipoyasema haya, mtu mmoja akanijibu kwamba sidii zinajaza nafasi. Nafasi! Sebuleni kwake kuna kabati la vioo lenye vikombe 24 ambavyo havijaonja chai tangu siku ya harusi yake. Kuna maua ya plastiki yenye vumbi la awamu mbili za uongozi. Lakini sidii 30, zinazoenea kwenye boksi la viatu, ndizo zinazombana.

Sisemi sidii hazina kero. Nani aliyeigawa dunia vipande? Kwa DVD, Dubai iko kanda ya 2 na sisi kanda ya 5, kwa hiyo deki ya shemeji inaweza kuikataa DVD halali niliyoinunua hapa kwa hela yangu, huku ile feki ya kando ya barabara ikicheza bila swali. Blu-ray angalau wametuweka pamoja, kanda B. Aliyebuni kanda hizo natamani apande daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni.

Hata hivyo deki inasoma DVD za zamani, zikiwamo filamu za Kanumba ambazo mama watoto alizificha chini ya nguo akihofia nitazitupa, na ina tundu la flash. Kuiunga na simu nimeacha.

Jumamosi shemeji alipita kuchukua watoto wake. Alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi, nyumbu wakiporomoka bondeni na Simba akikimbia mbele yao. Akakaa kwenye mkono wa kochi. Baada ya dakika ishirini akaniegemea.

"Picha imetulia hii, Shem. Haikatikikatiki kabisa. Unatumia mtandao gani?"