Moshi Usioulizwa Wodini

Mgonjwa wa kiharusi anapopokelewa, yeye au jamaa zake huulizwa kama ana shinikizo la damu, kama ana kisukari, kama anavuta sigara. Maswali hayo ni ya lazima. Lakini mama lishe wa Dar es Salaam aliyeinamia jiko la mkaa miaka 20 hujibu kwamba hajawahi kuvuta sigara, na mara nyingi mahojiano huishia hapo. Moshi alioumeza miaka yote hiyo hauandikwi popote.

Upungufu huo si mdogo. Mwaka 2015 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 94 kutoka nchi 28, uliohusu matukio milioni 6.2 ya kulazwa hospitalini au kufariki kwa kiharusi. Chembe laini za hewani zilipoongezeka kwa maikrogramu 10 katika kila mita ya ujazo, hatari ilipanda kwa takriban asilimia 1, hasa siku ileile hewa ilipochafuka. Uhusiano huo ulikuwa mkubwa zaidi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Asilimia 1 yaweza kuonekana haba, ila hewa huvutwa na mji mzima, mzima na mgonjwa, kila siku.

Chembe hizo, ambazo kipenyo chake hakizidi maikromita 2.5, hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Mwili huzipokea kama adui. Katika mapambano hayo mishipa hukakamaa, shinikizo hupanda, na damu huganda kwa wepesi. Anayemeza vidonge vya shinikizo kila asubuhi, kisha akarejea katika jiko lisilo na dirisha, ametibiwa nusu.

Itasemwa kwamba daktari hawezi kumnunulia mgonjwa mtungi wa gesi. Ni kweli. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na anayeruhusiwa kutoka wodini kesho hawezi kungoja mwaka huo. Lakini muuguzi anaweza kuuliza: unapikia nini, ndani au nje, saa ngapi kwa siku? Jibu likiwa mkaa wa ndani, ushauri wa kulihamishia jiko uani, penye upepo, uandikwe katika cheti cha kuruhusiwa, chini ya orodha ya dawa, na usomwe mbele ya jamaa watakaolibeba jiko hilo.